Bwalya na Maji ya Juu

Tuliokuwa katika safari hii ni hawa. Mimi, Tupokigwe Swila wa Mbebe, Ileje, mjane wa Mvula Kibona, mnaniita Mama Ipyana. Enesi Kibona, dada wa marehemu mume wangu, yaani wifi yangu, ambaye alichuuza maharage Tunduma miaka mingi na anasema anajua Kibemba. Bwalya, mke wa mwanangu Ipyana, mzaliwa wa Kasama huko Zambia, pamoja na mtoto wao wa kike ambaye hajaanza kutembea. Mama Siame, Mnamwanga anayeuza chapati stendi ya Tunduma. Haonga, dereva wa Noah, Mnyiha wa Mbozi. Na askari mmoja wa kizuizi cha barabarani ambaye sikumwuliza jina, na mpaka leo inaniuma, maana mimi majina siyaachi.

Ipyana mwenyewe hakuwepo. Alikuwa na lori lake kwenye foleni ya kuingia Kongo, na foleni ile mnaijua kwa sifa zake.

Mama Lea na wenzako wa kwaya, mliponiuliza habari hii pale nje ya kanisa niliwajibu kwa mkato, kwa sababu Bwalya mwenyewe alikuwa amesimama karibu. Sasa naandika yote. Wengine wenu nao wana watoto waliooa ng'ambo, na wageni watakuja. Mambo ya karatasi na mihuri nayaacha, hayo Ipyana aliyamaliza kabla.

Mbebe mpaka Mpemba

Simu iliingia nikiwa napepeta maharage. Namba siijui. Sauti ya mwanamke, na nyuma yake honi za malori.

"Mayo, mimi Bwalya. Nafika mailo, Tunduma."

Mayo ni mama kwa lugha yao. Nikasema haya mwanangu, tumefurahi. Nikataka kuuliza zaidi, simu ikakatika. Nikapiga, haipatikani.

Nikamwita Enesi. "Wifi, mailo ni nini?"

"Mailo ni kesho," akasema. "Mimi nimelishwa hiyo mailo na Wazambia mpaka nikashiba. Wanachukua maharage, wanasema tutalipa mailo."

Basi tukatulia. Tulifagia nyumba, tukapika, Enesi akachoma ndizi za kubeba njiani. Kulipokucha tukashuka kwa bodaboda mpaka lami, na pale tukakaa sana kungoja gari. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nawaza tu kama mgeni atapenda kulala chumba cha nyuma au cha mbele.

Tulipofika njia panda ya Mpemba, Ipyana akapiga.

"Mama, shikamoo. Mnaye?"

"Marahaba. Ndiyo tunakwenda kumpokea. Amesema anafika leo."

Akauliza tena, leo? Nikasema ndiyo, leo. Kisha akasema, "Mama, amefika juzi. Jana aliwapigia kuwaambia kwamba ameshafika."

"Alisema mailo. Shangazi yako anasema ni kesho."

"Mailo ni kesho, mama, na mailo ni jana. Kwao neno ni hilohilo."

Enesi alikuwa ameweka sikio karibu na simu. Akasema, "Jana? Hakuna Mzambia aliyewahi kuja kuniambia amenilipa jana, ningejuaje?"

Sikucheka. Ipyana hakucheka. Alisema Bwalya alimpigia asubuhi kwa simu ya watu, analia, na amesema hivi: kama ukoo hauwezi kuja mpaka mpakani kumpokea, basi hawamtaki, na yeye anarudi kwa mama yake leo, na akirudi harudi tena. "Mama, nikimpigia sasa hapatikani. Huyu akivuka nimepoteza mke na mtoto. Kimbieni."

Ndugu zangu, hapa ndipo nawapa neno la kwanza. Mkimngoja mgeni, semeni Jumanne, Jumatano. Msiseme kesho wala mailo.

Tunduma

Nilipiga ile namba ya jana kila gari liliposimama, na lilisimama mara nyingi, kwa kuwa malori yalikuwa yamepangana mpaka mbali nje ya mji. Mwishowe ikapokewa. "Mimi Mama Siame, nauza chapati hapa stendi. Simu ilikuwa imeisha chaji. Nyinyi ndio wakwe? Mmechelewa kweli nyinyi."

Tukashuka garini tukaenda kwa miguu, pembeni mwa malori, Enesi mbele na mimi nyuma nikishika kitenge chake nisipotee.

Mama Siame ni mwanamke mnene, mpole, lakini siku ile alitutazama kama tumeiba. Alitusimulia huku anageuza chapati. Bwalya alikuwa amekaa kwenye benchi lake mchana wote, jana na juzi, na usiku Mama Siame akamlaza kwake. Mtu akipita tu ananyanyuka. Akiulizwa unangoja nini anasema nomba, nomba. Kwa Kibemba nomba ni sasa hivi, yaani wakwe zake wanakuja sasa hivi. Lakini vijana wa bodaboda, ambao wengi si wa huku, wakasikia naomba. Wakamletea mkate, wakamletea soda. Yeye akasukuma mkate, akasema tena nomba. Wakasema huyu dada anaomba kwa madaha.

"Aliona aibu sana," akasema Mama Siame. "Mke wa mtu, anageuzwa ombaomba. Ndiyo maana amenyanyuka."

"Yuko wapi?"

"Ameenda getini sasa hivi. Na mzigo wake."

Aliacha moto wake, akamwita jirani amwangalizie, akatutangulia. Nilikwenda mwendo ambao magoti yangu yaliusahau. Mpaka wa Tunduma hata haufanani na mpaka, unaona watu tu na mizigo, huku na kule mji ni mmoja, na mtu akishavuka hatua chache umempoteza. Nilikuwa nawaza hivi, nitamwambia nini Ipyana.

Tulimwona kwenye mstari wa watu wanaotoka. Sikuwa nimemwona ila kwenye picha ya simu. Nilimjua kwa mtoto. Mtoto yule mgongoni alikuwa na paji la uso la marehemu mume wangu, limetoka mbele vilevile.

"Bwalya," nikaita.

Aligeuka. Akanitazama, akatoka kwenye mstari, akapiga magoti palepale kwenye vumbi na kupiga makofi taratibu, ndivyo wanavyosalimia wakubwa kwao. Lakini uso ulikuwa umefungwa. Aliposimama hakunipa mtoto. Nilinyoosha mikono, akarudi nyuma kidogo.

Akaongea na Mama Siame, naye akatufasiria: "Anasema amewasalimia kwa sababu nyinyi ni wazazi. Lakini ameshaelewa. Mtu anayetakiwa hukutwa akingojwa."

Enesi akaanza kumweleza habari ya mailo kwa Kibemba chake cha maharage, akachanganyikiwa, akaishia kujipiga kifuani: "Mimi. Mjinga mimi. Mailo, mimi nasikia kesho. Kesho, kesho." Mama Siame akamnyooshea maneno. Bwalya akamtazama Enesi muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa.

Wakati huo mvua ikaanza. Tukakimbilia chini ya bati la kibanda kimoja. Bwalya akatazama juu, akaniambia kwa Kiswahili cha kujifunza, "Mayo, maji ya juu."

Enesi akacheka, naye alikuwa anatafuta cha kucheka. "Inaitwa mvua, mwanangu. Sema mvua."

Bwalya akaweka kiganja mdomoni, akageukia pembeni. Nikamwambia Enesi aache, mgeni anaona aibu. Hilo ndilo nililodhani.

Mwisho akasema na Mama Siame tena. Atakuja. Atatazama nyumba ya mume wake. Lakini siku atakayosema anarudi, tusimzuie, na mtoto atabaki mgongoni kwake mwenyewe. Nikasema nakubali. Ningekubali lolote.

Kabla ya kuondoka Mama Siame alitununulia chakula kwa mama ntilie mwenzake, ugali na dagaa. Bwalya alichukua sahani yake akatugeuzia mgongo, akala akitazama ukuta.

"Bado anatununia," Enesi akaninong'oneza.

"Mwache anune. Anakula."

Mama Siame pia ndiye aliyemtoa kwa wale vijana wanaobadilisha hela mkononi, akampeleka kwenye duka lenye dirisha na bei zilizoandikwa. Akamwambia karatasi zake azifunge kiunoni, asiziweke kwenye begi linalopanda juu ya gari. Na laini ya simu ya hapa asajili mapema, maana ile ya Zambia ikizima njiani mtu anakuwa kama bubu. Hayo yote nayarudia kwenu, mwambieni mgeni siku ya kwanza, msingoje apotee ndipo mmwambie. Nilimshika Mama Siame mkono nikamwambia siku moja atakula ndizi zangu. Akasema, "Nileteeni habari kwanza."

Kizuizini

Tulipata Noah ya Haonga. Bwalya alikaa dirishani, mtoto amemhamishia mapajani, mimi katikati, Enesi upande wa pili. Barabara ile ya kwenda Isongole inafika mpaka wa Malawi, kwa hiyo askari wanaikagua, maana hupitishwa watu wengi kwa kificho, hata watoto. Siwalaumu. Ilikuwa bado inanyesha rasharasha tuliposimamishwa.

Askari alikuwa kijana, amevaa koti la mvua. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, afande."

Akachukua karatasi za Bwalya, akazisoma taratibu. Zilikuwa sawa. Kisha akainama dirishani, akatabasamu kwa mtoto. "Mzuri huyu. Anaitwa nani?"

"Chanda," akasema Bwalya.

"Lusekelo," akasema Enesi, papo hapo.

Tabasamu likaondoka. Mtoto ana majina mawili, la kwao na la kwetu, kama watoto wote wa namna hiyo. Lakini mtoto mmoja mbele ya askari, majina mawili kwa sauti mbili, mnajua yanavyosikika. Nikaeleza. Nilivyoeleza nikawa naona maneno yangu yanazidi kuharibu.

"Shukeni," akasema. "Bibi, kaa hapa. Na wewe mama, hapa. Nataka kumsikia yeye mwenyewe. Karatasi naiona, lakini karatasi mtu anaweza kuitengeneza. Naomba msimsaidie."

Abiria wakaanza kuguna. Haonga akasema, "Bibi, hawa wengine wana safari zao, nitangoja kidogo tu."

Tulisimama chini ya turubai lao. Bwalya mbele yake, amemkumbatia mtoto. Nilijua akishindwa hapa tutarudishwa Tunduma, na tukirudishwa Tunduma huyu anavuka na hatutamwona tena. Naye alijua. Nilimwona anatazama nyuma, njia tuliyotoka.

Askari alimwuliza polepole ili aelewe. "Unakwenda wapi?"

"Mbebe."

"Kwa nani?"

"Kwa mama. Yule."

"Mume wako anaitwa nani?"

"Ipyana."

"Ipyana nani?"

Kimya.

"Ipyana nani? Jina la baba yake."

Bwalya akatazama chini. Mtoto akaanza kulia, akambembeleza bila kuinua uso.

"Dada," askari akasema, na sauti ilikuwa imebadilika, "una mtoto na mtu na hujui jina lake la pili?"

"Najua."

"Basi sema."

Ndipo Bwalya akaweka kiganja mdomoni, akageukia pembeni.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoelewa. Kiganja kilekile, kama pale chini ya bati. Sisi wazee wa Ileje tunajua, mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hatamki hata neno linalofanana nalo. Mimi mwenyewe nilipoolewa nilikuwa hivyo. Wasichana wetu wa siku hizi wanalitamka wakila karanga, wala hatuwagombezi tena. Na huyu mgeni kutoka Kasama, ambaye baba mkwe wake amelala kaburini nyuma ya mianzi na hakumwona hata siku moja, alikuwa anaona bora arudishwe kuliko kumtaja.

Nikasema, "Afande, niruhusu neno moja."

"Bibi, nimeomba."

"Simwambii jibu. Namwambia kitu kingine." Nikamgeukia. "Bwalya, mwanangu, sema. Mimi mama mkwe wako nimekuruhusu."

Akatikisa kichwa.

Enesi naye alikuwa ameelewa, machozi yanamtoka, mwanamke yule asiyeliaga. "Sema, mwanangu. Mimi ni dada yake wa tumbo moja. Nakuruhusu kwa niaba yake."

Akatikisa kichwa tena. Kisha akatoa mkono nje ya turubai, matone yakadondoka kiganjani, akamwonyesha askari.

"Hii. Maji ya juu."

"Ipyana Maji ya Juu?" askari akauliza. Mwenzake aliyekuwa amekaa kwenye kiti akaangua kicheko.

Haonga alikuwa ameshuka kuja kutuharakisha. Akasikia, akasimama. "Afande," akasema, "hawa ni watu wa Ileje. Hata kwetu Unyiha bibi zetu walikuwa hivyo. Bibi yangu, baba mkwe wake aliitwa Mbuzi. Mpaka anakufa, mbuzi wa kufugwa alimwita mwenye ndevu wa zizini. Kuku akimkimbia mbuzi, bibi anashindwa kusimulia."

Askari hakucheka. Alifungua ile karatasi tena, akapitisha kidole mpaka kwenye jina la mume. Akasoma kwa sauti ndogo, "Ipyana Mvula Kibona."

Bwalya aliposikia jina hilo akapiga magoti kwenye tope, akainamisha kichwa, mtoto kifuani, kama vile mzee mwenyewe amepita.

Yule kijana akakunja karatasi vizuri, akampa kwa mikono miwili. "Inuka dada. Karibu Tanzania." Akanigeukia. "Bibi, huyu ni wenu. Mimi mke wangu jina la baba yangu analiita akitaka kunitukana."

Hapo ndipo sote tukacheka, hata abiria.

Tulipokuwa tunapanda gari, Bwalya alinipa mtoto kwanza, halafu akapanda yeye. Nilidhani ananipa nimshikie kidogo tu. Hakumchukua mpaka Mbebe.

Mbebe

Njiani nilimwuliza, "Nani alikufundisha?"

"Ipyana. Kwa simu. Alisema mama atafurahi." Na kula akitazama ukuta? Hilo nalo alifundishwa, mke mpya hali akiwatazama wakwe. Sisi tukasema amenuna.

Alipofika alilala, akaamka, akafagia uwanja kabla yetu. Niliogopa kumwuliza kama anarudi. Siku zikapita sikumwuliza. Asubuhi moja akaniuliza yeye, mbegu za maboga tunapanda mwezi gani huku. Nikajua.

Haya ndiyo tuliyofanya naye, na ninyi fanyeni. Nilimpeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji tukiwa wawili, kabla watu hawajaanza kuuliza huyu nani. Nilimpeleka kliniki na mtoto, wakamwandikia mtoto majina yote mawili, Chanda Lusekelo, ili asipate tena shida barabarani. Sokoni Enesi alikwenda naye mara za kwanza, akamjulisha kwa kila muuzaji kwa jina la mtoto. Kuitikia salamu alijifunza haraka. Shikamoo ilimsumbua, alikuwa anamwamkia hata mtoto wa shule. Msimcheke. Akikosea, mwulizeni kwanza kwa nini amesema hivyo, maana sisi tulimcheka mtu aliyekuwa anaheshimu kuliko sisi.

Mama Siame nilimpelekea habari, na ndizi.

Sasa, yawezekana nimekosea mahali. Haonga, ninyi mnaopanda Noah zake, ni Haonga kweli au ni Mgala? Enesi anasema Mgala. Na ile siku ya simu, Mama Lea, si ulikuwa kwangu unarudisha ungo, au ilikuwa siku nyingine? Mwenye kukumbuka vizuri aje aniambie, nitaandika upya. Ila kwenye hili la maji ya juu msinirekebishe. Hapa kwangu sasa wote tunayaita hivyo, hata Enesi, na jana yamenyesha vizuri.